Sado yangu na Luka 6:38

Kwa miaka mingi nimeusikia mstari huu kila Jumapili inapofika saa ya sadaka: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Naitikia amina, natumbukiza bahasha yangu, narudi kukaa. Jumatatu asubuhi nafungua meza yangu ya maharage sokoni, hapa Mbeya, nashika sado, lile kopo tunalopimia nafaka.

Aliyewahi kuuza nafaka anajua Bwana Yesu alikuwa anasema nini pale. Ukimimina maharage kwenye kopo bila kulitikisa, punje zinakaa zimeachiana nafasi. Ukilisuka-suka mara mbili tatu zinashuka, na hapo linaingia konzi jingine. Ukishindilia kwa kiganja, kisha ukaweka kilima mpaka punje zinaporomoka mezani, mteja anaondoka moyo umetulia. Ile ni lugha ya sokoni kabisa. Mimi nilikuwa naisikia kama lugha ya bahasha.

Sado yangu ilikuwa imebonyezwa kitako kwa ndani. Niliinunua hivyo kwa mwenzangu aliyekuwa anaacha biashara, na nilijua vizuri kwa nini imebonyezwa. Kwa juu inajaa, kilima kipo, nani atachungulia chini? Kopo zima linabeba kama kilo tatu na robo za maharage aina ya kablanketi. Langu lilibeba kilo tatu. Gunia la kilo 100, ambalo kwa kopo zima lingetoa sado kama 31, kwangu lilitoa 33. Zile sado mbili niliziita faida, na humo humo nikatoa fungu la kumi.

Kilichonishtua ni jioni moja kwenye jumuiya, tulipofika Kumbukumbu la Torati sura ya 25. Mungu anamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, na vipimo viwili nyumbani mwake. Nikaona stoo yangu. Nilikuwa na debe zima, zuri, ambalo nalitumia kununulia kwa wakulima, tena nalisuka-suka kweli kweli, na sado iliyobonyea ya kuuzia. Vipimo viwili, chini ya paa moja, vimekaa jirani na Biblia yangu.

Usiku ule sikuomba sana. Nilichukua nyundo, nikaweka kopo juu ya jiwe la uani, nikagonga kitako kutoka ndani mpaka kikanyooka. Alama za nyundo zipo mpaka leo, unazigusa kwa kidole.

Ndiyo maana nikiulizwa na mabinti wa kanisani jinsi ya kuliishi neno, kitu cha kwanza nawaambia: tafuta mstari unaotaja kitu ambacho mkono wako unakishika. Maana ukisema "nataka kuwa na upendo zaidi," utakaa mwaka mzima hujui umefika wapi. Lakini Walawi 19:13 inasema ujira wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Hapo huna pa kujificha. Ama kijana aliyekubebea magunia amelipwa kabla jua halijazama, ama umemwambia "njoo kesho" na hela unayo kibindoni. Na dada wa kazi vivyo hivyo. Kuna akina mama tunafunga na kuomba huku binti anadai mshahara wa miezi miwili, na hili linaniuma kulisema kwa sababu nimeliona kwa watu ninaowapenda.

La pili, usilale nalo. Zakayo alisimama pale pale akasema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Najua nafsi yangu: kama ningengoja asubuhi, ningepata sababu. Ningesema soko zima ndivyo lilivyo, ningesema ada ya watoto.

Na ni gharama, wapendwa. Nilipandisha bei ya sado shilingi 500 ili nisile mtaji, na wateja wakaenda meza ya pili. Miezi ile ilikuwa migumu. Nalisema hili kwa sababu tumezoea kufundishwa kwamba ukitii leo, kesho gari. Mimi sikupata gari. Ule mstari wa Luka unaendelea kusema kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa, na sisi tunapenda kukatia kabla ya hapo.

Kulikuwa na kazi nyingine iliyobaki. Wapita njia niliowapunja siwezi kuwatafuta. Katika Hesabu sura ya 5 Mungu anaagiza aliyedhulumu aungame, arudishe na kuongeza sehemu ya tano. Na kama hakuna wa kurudishiwa, itolewe kwa Bwana. Hilo nilifanya kidogo kidogo. Ila mama lishe mmoja nilimjua kwa jina, alikuwa ananunua kwangu sado tatu kila wiki kwa zaidi ya mwaka. Nilipiga hesabu, nikajaza mfuko, nikaenda kibandani kwake saa nne asubuhi, kabla wateja hawajajaa.

Nilimwambia yote. Aliendelea kukoroga sufuria, hakunitazama. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa najiuliza mbona chakula hakiwatoshi watu siku hizi. Nikamgombeza mwanangu, nikadhani anaiba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Mtoto alikuwepo, anaosha sahani nyuma ya kibanda, kama miaka kumi na miwili. Nilikwenda nikachuchumaa, nikamwomba radhi na yeye. Akaniitikia "haya, mama," kwa adabu, mikono ikiwa bado ndani ya beseni.

Mama yake aliupokea mfuko. Hajawahi kurudi kununua kwangu, na sijaenda kumuuliza kwa nini. Nikipita pale namsalimia, ananiitikia.