Prado kongwe mkononi: maji kwanza, madoido baadaye

Barua tulizochagua mwezi huu zote zinahusu gari moja: Toyota Land Cruiser Prado 95, ile iliyotoka kiwandani kati ya 1996 na 2002, yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE ya lita 3.0. Ni gari gumu, fundi wa kila mji analijua na spea zake hazisumbui. Lakini hata lile la mwisho kutengenezwa sasa lina zaidi ya miaka 20, na anayelinunua leo ananunua pia uzembe wa kila aliyelimiliki kabla yake.

*Nimenunua Prado 95 ya dizeli, giaboksi ya otomatiki, odomita inasoma kilometa 287,000. Mjini halina shida. Nilipopanda Kitonga na abiria watano mshale wa joto ulisogea karibu na nyekundu, nikasimama ukashuka. Fundi anasema tutoe thermostati, ile vali inayofungulia maji ya injini njia ya kwenda rejeta. Tuitoe? Na kwa gari la kilometa nyingi hivi nianze na kipi?*
*Msomaji, Iringa*

Usiitoe, ndugu yetu, na usilipandishe tena mlima huo kabla ya kumaliza haya tunayokueleza.

Silinda hedi (kichwa kinachofunika silinda kwa juu) ya 1KZ-TE ni ya aluminiamu, na ugonjwa wake unajulikana: joto likizidi inapata nyufa, mara nyingi katikati ya vali. Hapo huna tena kazi ya gasketi, una kazi ya hedi nyingine. Tatizo la pili ni mshale wenyewe. Toyota za miaka hiyo zina geji iliyotulizwa makusudi ili isimtie dereva wasiwasi, kwa hiyo mshale hukaa katikati hata maji yakipanda nyuzi kadhaa. Ukiuona unasogea, ujue maji yalishakuwa ya moto kupita kiasi muda mrefu nyuma yake. Mshale wako ulifika karibu na nyekundu, kwa hiyo swali la kwanza ni kama hedi imepona.

Lipime asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Shika hosi ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu ilhali gari limelala usiku kucha, kuna gesi ya mwako iliyobaki kwenye maji. Fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa, uangalie. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma, na yakiongezeka fundi akikanyaga mafuta, ni dalili mbaya. Uhakika unapatikana kwa kipimo cha maji ya bluu yanayowekwa juu ya shingo ya rejeta: yakigeuka kijani au manjano, gesi ya silinda inaingia kwenye mfumo wa maji. Kipimo hiki ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini, na tunashauri kifanywe kabla hata ya kulipia gari. Hedi ikibainika ina ufa, usikubali ichomelewe na kukwanguliwa tu. Tafuta hedi mpya, na fundi apime pistoni zinavyochomoza juu ya bloku kabla ya kununua gasketi, kwa kuwa gasketi hizo zina unene tofauti na kila unene una alama yake pembeni.

Ikiwa hedi ni nzima, shukuru, kisha fuata mkosaji. Gari linalotulia mjini na kuchemsha mlimani kwa mwendo mdogo na mzigo mkubwa, mshukiwa wa kwanza ni klachi ya feni. Ndani yake mna oili ya silikoni inayoifanya feni izunguke na injini joto likipanda, na oili hiyo huisha nguvu au huvuja kidogo kidogo. Zima gari likiwa la moto, toa ufunguo, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito na isimame mara unapoiachia. Ikizunguka yenyewe mzunguko mzima au miwili, imekufa. Mstari wa mafuta machafu usoni mwa klachi unasema hivyo hivyo. Unaweza kununua klachi mpya, au kuifungua na kuijaza upya: Toyota wanauza oili hiyo katika chupa ndogo za mililita 18, na kwa nchi za joto yenye namba 10,000 ndiyo inayofaa. Klachi iliyokauka huhitaji takribani chupa mbili. Angalia pia kava la plastiki linaloizunguka feni. Mafundi wengi hulitoa wakati wa kazi wasilirudishe, na bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni, si ya kwenye rejeta.

Mshukiwa wa pili ni rejeta. Nje yake, pulizia maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana vumbi na wadudu waliingia kwa mbele. Ndani, ukiona kutu nyekundu au uji wa kahawia chini ya mfuniko, rejeta imeziba, na kwa umri huu kuiweka mpya ni busara kuliko kuizibua. Kwako wewe mwenye otomatiki kuna sababu kubwa zaidi: bomba linalopoza oili ya giaboksi (ATF) limo ndani ya rejeta hiyo hiyo. Likitoboka, maji na oili vinachanganyika, ATF inageuka kuwa uji wa pinki, na giaboksi inaondoka pamoja na rejeta.

Mfuniko nao ubadilishe, bei yake ni ndogo. Nunua wenye namba ile ile iliyogongwa juu yake. Mfuniko wa 0.9 (hiyo ni namba ya shinikizo) ukiwa mzima unafanya maji yachemke karibu nyuzi 119 badala ya 100. Ukilegea, kinga hiyo yote inapotea.

Sasa thermostati. Injini nyingi za Toyota zina thermostati yenye visahani viwili: kimoja kinafungua njia ya rejeta, cha pili kinafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji hairudi kupoa. Kwenye tambarare injini inakuwa baridi mno, dizeli haiungui vizuri na oili inachafuka upesi; mlimani inachemsha zaidi ya awali. Iliyopo ipime kwa sufuria: itundike kwa uzi ndani ya maji pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake, na maji yakifika nyuzi 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ukirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu kabisa ili hewa itoke.

Kulanti (dawa ya maji ya rejeta): fungua bomba la chini ya rejeta na lile la kwenye bloku. Wengi hufungua la rejeta tu, na uchafu mwingi unabaki ndani. Jaza maji safi, washa hita ya ndani kwenye joto la mwisho, injini ifike moto wake, izime, ipoe, mwaga. Rudia hadi maji yatoke meupe. Mwisho, kwa kuwa kuna maji yatakayobaki kwenye bloku, tia kwanza kulanti isiyochanganywa kiasi cha nusu ya ujazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha malizia kwa maji ya betri yasiyo na asidi. Maji ya bomba yanajenga magadi ndani ya rejeta mpya. Usiyatumie.

Baada ya maji, mkanda wa taimingi. Taa ya T-BELT kutowaka haithibitishi kitu, inaweza kurudishwa sifuri bila mkanda kuguswa. Kama muuzaji hana risiti, badilisha mkanda pamoja na tenshena yake na sili ya kamshafti. Mkanda ukikatika, vali na pistoni zinagongana.

Mengine ni ya mchana mmoja: oili ya injini lita 7 pamoja na filta, 15W-40 ya dizeli, kila kilometa 5,000, filta ya dizeli na ya hewa, oili ya difu zote mbili na transifa. Kwenye difu, fungua kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ya kujazia ikigoma baada ya kumwaga, utabaki na gari lisilo na oili na lisiloweza kusogea.

Na ukiwa safarini, mshale ukitikisika tu: zima AC, washa hita ya ndani yote, zima O/D (gia ya juu kabisa ya otomatiki) ili injini na feni zizunguke upesi, tafuta pa kusimama. Iache injini iungurume taratibu dakika moja au mbili isipokuwa inamwaga maji, ndipo uzime. Mfuniko usiguswe hadi hosi ya juu ilegee mkononi.

*Prado yangu asubuhi inawaka mara moja. Nikiiendesha hadi Likoni na kusimama robo saa, inazungushwa muda mrefu na kukataa. Nikingoja saa nzima inawaka. Nimebadilisha hita plagi zote 4 bila faida.*
*Msomaji, Mombasa*

Hita plagi ni za injini baridi, ndiyo maana hazikusaidia. Kukataa ikiwa ya moto kuna sababu mbili kubwa, na mara nyingi zinasaidiana.

Anza na stata, ndiyo nafuu. Weka mita kwenye betri fundi akizungusha injini ya moto. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri au nyaya zake zimechoka. Volti zikiwa nzuri lakini injini inazunguka kwa uvivu, fungua stata uangalie vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi. Vinalika upande mmoja, na vinauzwa peke yake, hakuna haja ya stata nzima.

Ikiwa inazunguka kwa kasi na bado inakataa, tazama pampu ya dizeli. Dizeli ya moto ni nyepesi, na pampu iliyolika ndani inaivujisha, hivyo kwa mwendo mdogo wa stata haipati nguvu ya kufungua nozeli. Jaribio lake: gari likikataa, funika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, ngoja dakika 10, jaribu tena. Likiwaka, umepata jibu. Tumia kitambaa, usimwage ndoo ya maji, maana chuma cha moto hakipendi maji ya ghafla na plagi za umeme ziko jirani. Kabla ya kuipeleka pampu kwenye mashine ya kupimia, hakikisha hakuna hewa inayoingia kwenye kile kipampu cha mkono juu ya filta. Raba yake ikikauka inavuta hewa bila kuvuja dizeli. Ikishindikana, pampu itengenezwe na mtu atakayekupa vipimo vya kabla na baada. Kisha chagua kituo cha mafuta kwa makini: dizeli iliyotiwa mafuta ya taa haina ulainisho, na ulainisho wa pampu hiyo ni dizeli yenyewe.

*Mbele kushoto panagonga nikipita matuta. Shokapu na bushi ni mpya. Naweza kusafiri hivyo hivyo?*
*Msomaji, Dodoma*

Usisafiri kabla ya kupima boljointi za chini, viungo vya duara vinavyoshikanisha mkono wa chini na nako, kile chuma kinachobeba gurudumu. Kwenye Prado hii uzito wa gari unaivuta boljointi ya chini kama unaotaka kuing'oa, haukai juu yake. Ikilika sana inachomoka, tairi linalala ubavu, na gari halina tena stelingi. Nyanyua kwa jeki, weka stendi chini ya chasisi, matairi yaning'inie. Ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na nako, bonyeza juu na chini huku mwenzako akitazama. Ukiona inacheza hata kidogo, badilisha, na zote mbili, kushoto na kulia. Raba iliyochanika nayo inatosha kuihukumu, kwani mchanga umeshaingia. Hapa weka za kampuni au za mtengenezaji anayeaminika, na bolti zake 4 ziwe mpya, zikazwe kwa torki spana. Kisha alaimenti.

*Nataka kuliinua Prado langu, niweke matairi makubwa, bampa la chuma na keria. Nianze na nini?*
*Msomaji, Arusha*

Kama ya msomaji wa Iringa hujayamaliza, anza na hayo, maana kila unachotaja kinaongeza joto la injini.

Matairi yake ya asili ni 265/70R16, kipenyo milimita 777. Ukipanda hadi 265/75R16 unafika 804. Spidomita ikisoma 100 unakwenda kama 103, na gari bado lina nguvu. Ukikimbilia 285/75R16 ni 834, gia zinakuwa ndefu, giaboksi inatafuta gia mlimani na ATF inachemka. Tunakushauri uishie kwenye 804.

Kuinua, sentimita 5 zinatosha. Zaidi ya hapo shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali na raba zake zinapasuka. Springi za mbele zichaguliwe kwa uzito wa bampa utakalofunga, kwa hiyo nunua bampa kwanza. Tazama pia nyuma juu ya ekseli kama kuna fimbo inayopeleka habari ya mzigo kwenye vali ya breki. Ukiinua gari bila kuirekebisha fimbo hiyo, vali inadhani gari ni tupu na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu. Mafundi wengi wa springi hawaigusi kabisa.

Cha kununua kabla ya taa na winchi ni vitu viwili: kengele ya joto yenye sensa inayofungwa kwenye injini, ikulilie kabla mshale haujasogea, na rejeta ndogo ya pekee ya ATF, ifungwe mbele ya rejeta kubwa. Mabomba yake yasigusane na chasisi, na baada ya kuifunga pima tena ATF injini ikiwa ya moto, inaunguruma, gia ikiwa P, kwa kuwa mfumo utakuwa umemeza oili zaidi.