Maswali na Majibu: Shule za Arizona, Kutoka Ardhi ya Wakfu Hadi Fomu ya Lugha

Wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu historia ya shule za Arizona, jimbo la kusini-magharibi mwa Marekani ambako familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi nazo sasa zinasomesha watoto. Tumejibu kwa zamu.

Nani alianzisha shule za umma Arizona?

Wengi humtaja gavana Anson Safford, aliyeongoza kuanzia 1869 hadi 1877, na anastahili. Ila aliyeufikisha muswada bungeni mwaka 1871 ni Estevan Ochoa, mfanyabiashara wa Tucson aliyezaliwa Chihuahua, Meksiko. Sheria hiyo ilitoza senti 10 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Miaka 7 nyuma, bunge lilikuwa limejaribu njia nyingine: ruzuku ndogo kwa miji michache, kwa sharti kwamba mji nao uchange. Mpango ule haukuzaa mfumo wa shule. Kodi ilifaulu kwa kuwa hurudi kila mwaka, haimngoji mfadhili.

Shule ya Tucson ilipofunguliwa chini ya sheria hiyo, mwalimu John Spring alijikuta na wavulana 138 peke yake, wengi wao wakiongea Kihispania. Wasichana walikuwa wametangulia: masista 7 wa shirika la Mtakatifu Yosefu wa Carondelet waliingia Tucson tarehe 26 Mei 1870 na kuwafungulia shule mwaka huohuo.

Nimesoma kwamba namba 2, 16, 32 na 36 ni "namba za shule". Maana yake nini?

Hili ndilo swali tulilolifurahia zaidi, kwa sababu bila kulijibu huwezi kuelewa fedha za shule za Arizona.

Wapima ardhi wa Marekani waliigawa nchi katika miraba ya maili 6 kwa 6. Kila mraba una vipande 36, kila kipande maili mraba moja, yaani ekari 640. Kuhesabu huanza kona ya kaskazini-mashariki: safu ya kwanza inakwenda magharibi, 1 hadi 6, ya pili inageuka kurudi mashariki, 7 hadi 12, na kuendelea hivyo kama ng'ombe wa jembe anavyogeuka shambani. Kwa mpangilio huo, kipande cha 16 huangukia karibu na katikati na cha 36 kona ya kusini-mashariki. Karibu Arizona yote, vipimo huanzia karibu na makutano ya mito ya Gila na Salt, magharibi mwa Phoenix.

Majimbo ya zamani yalipewa kipande cha 16 tu kwa ajili ya shule. Baadaye kikaongezwa cha 36. Sheria ya 1910 iliyoandaa Arizona na New Mexico kuwa majimbo ilitoa vinne, kwa kuwa ardhi ni kame na ekari moja ya jangwa haizai fedha kama ekari ya Iowa. Vinne ni ekari 2,560 katika kila mraba, sehemu moja ya tisa. Pale ambapo kipande kilikuwa tayari kimo ndani ya hifadhi ya wenyeji asilia au kimeshachukuliwa, jimbo lilichagua kingine mahali pengine.

Ardhi hii ni wakfu. Haigawiwi, haiuzwi kwa bei ya urafiki: huuzwa kwa mnada wa wazi, na isishuke chini ya thamani iliyokadiriwa. Hata serikali ya jimbo ilikumbushwa hilo. Ilipochukua ardhi ya wakfu kujenga barabara bila kuilipia thamani kamili, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1967 kwamba lazima ilipe. Fedha za mauzo huingia katika mfuko wa kudumu na kuwekezwa. Kodi ya malisho na ya kukodisha ndiyo inayotumika moja kwa moja.

Hadi leo zimebaki zaidi ya ekari milioni 9, na sehemu kubwa ni ya shule. Kosa la kawaida ni kudhani ekari nyingi ni fedha nyingi. Eneo kubwa hukodishwa kwa wafugaji, na malisho ya jangwani hulipa kidogo sana. Utajiri umo katika vipande vichache ambavyo miji kama Phoenix imevifikia. Mwaka 2016 wapiga kura walikubali, kwa tofauti ndogo, mgao wa mfuko upande kutoka asilimia 2.5 hadi 6.9 kwa miaka 10. Kwa maoni yetu hofu ya waliokataa ilikuwa ya haki: wakfu uliwekwa kwa ajili ya watoto wa 1912 na wa 2112 pia.

Kwa nini Tucson ilipewa chuo kikuu na si makao makuu?

Bunge la 1885 liliigawia miji taasisi hizo. Prescott ilibaki na makao makuu, Phoenix ikapata hospitali ya wagonjwa wa akili ya dola 100,000, Tempe chuo cha ualimu cha dola 5,000, Tucson chuo kikuu cha dola 25,000. Watu wa Tucson walikasirika. Ardhi ya chuo, ekari 40, ilitolewa na wacheza kamari wawili na mwenye baa mmoja. Masomo yalianza 1891 na wanafunzi 32, wengi wao katika madarasa ya maandalizi, kwani shule za sekondari zilikuwa haba.

Je, ni kweli Arizona ilifuta ubaguzi shuleni kabla ya hukumu ya Brown ya 1954, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku kutenga watoto shuleni kwa rangi?

Mahakama zake, ndiyo. Bunge lake halikufanya hivyo.

Sheria ya 1909 iliruhusu kuwatenga watoto weusi. Arizona ilipokuwa jimbo mwaka 1912, utengano katika shule za msingi ukawa wa lazima, na katika sekondari ukaachwa kwa kura ya wakazi. Phoenix ilifungua sekondari ya weusi mwaka 1926. Tangu 1943 ikaitwa George Washington Carver. Mwaka 1951 bunge liliiachia kila wilaya ya shule iamue. Tucson ikaunganisha, sekondari za Phoenix zikakataa. Mawakili Hayzel Daniels na Herbert Finn wakashtaki, na Februari 1953 Jaji Fred Struckmeyer akaibatilisha sheria: bunge haliwezi kuwakabidhi wajumbe wa bodi ya shule mamlaka ya kutenga watoto bila kigezo chochote. Carver ilifungwa 1954.

Watoto wenye asili ya Meksiko hawakutajwa na sheria hizo, lakini walitengwa kwa desturi, kisingizio kikiwa lugha. Tempe, mwaka 1925, Adolfo Romo alishinda kesi yake. Tatizo ni msingi wa ushindi wenyewe: jaji alitazama kwamba watoto wa Romo walifundishwa na wanafunzi wa ualimu badala ya walimu kamili. Wilaya ikaajiri walimu wenye vyeti, na utengano ukaendelea. Ilibidi kungoja hadi 1951, katika kesi ya Tolleson, jaji wa shirikisho aseme kwamba utengano wenyewe unavunja katiba.

Barabara ya Indian School mjini Phoenix imepata wapi jina?

Kwenye shule ya bweni ya watoto wa wenyeji asilia, ya serikali ya shirikisho, iliyokuwa hapo tangu 1891 hadi 1990. Kufikia 1900 ilikuwa na wanafunzi karibu 700. Nusu siku darasani, nusu siku kazini: kufua, kushona, useremala, shamba. Wasichana walipelekwa kutumika katika nyumba za mjini. Lugha za nyumbani zilikatazwa. Wazazi waliopinga mfumo huu waliumia. Mwaka 1895 wanaume 19 wa Wahopi, kabila mojawapo la wenyeji asilia, walifungwa katika gereza la kisiwa cha Alcatraz, miongoni mwa makosa yao likiwa kukataa kupeleka watoto shule.

Mabadiliko ya kweli yalitoka kwa Wanavajo, kabila jingine la wenyeji asilia. Mwaka 1966 walifungua shule ya Rough Rock, ikiongozwa na bodi ya wazazi wao na kufundisha kwa Kinavajo pia. Mwaka 1968 wakaanzisha chuo, leo Diné College, cha kwanza nchini kumilikiwa na taifa la wenyeji asilia.

Tunaongea Kiswahili nyumbani. Shule imetupa fomu ya maswali matatu kuhusu lugha. Tujibu "Kiingereza" mtoto asirudishwe nyuma?

Hapana, jibuni ukweli. Fomu inauliza lugha kuu ya nyumbani, lugha anayoitumia mtoto zaidi, na lugha aliyoanza kuisema. Jibu moja tu lisilo Kiingereza linatosha mtoto afanye mtihani wa AZELLA, unaopima kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Haupimi akili, na haumshushi darasa. Asipofikia kiwango hupewa masomo ya Kiingereza na kupimwa tena kila mwaka. Akifikia, hufuatiliwa kwa miaka 2.

Mkificha, atakaa darasani bila msaada, na baadaye walimu watadhani ni mzito wa kuelewa. Zamani hofu yenu ilikuwa na sababu: baada ya kura ya 2000 iliyobana ufundishaji kwa lugha mbili, watoto walitengwa saa 4 kwa siku kwa ajili ya Kiingereza tu na kukosa hesabu na sayansi. Sheria ya 2019 ilipunguza saa hizo. Ulizeni shule ni vipindi gani anavikosa, na ombeni mkalimani wa Kiswahili kikaoni. Ni haki yenu, na msikubali mtoto awe ndiye anayewatafsiria.