Mbwa wa msasi, manyoya mafupi

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama mbwa wako wa msasi ana haja ya fundi wa usafi na manyoya yake mafupi vile. Kunyolewa hana haja, na usikubali, manyoya ndiyo kinga yake ya jua. Brashi ya mpira kila wiki inatosha.

Kazi iko masikioni. Yamelala, unyevu haukauki. Lifunue sikio, linuse: likinuka chachu au likiwa na uchafu wa rangi ya kahawa, mwone daktari wa mifugo, usitie mafuta ya nazi. Kagua kupe baina ya vidole. Akitoka pwani msuuze chumvi. Kucha zikigonga saruji, ni ndefu. Kucha nyeusi hazionyeshi mshipa wa damu ulio ndani, hapo mlipe anayejua kuzikata.