Joka mpole anamfaa mtoto wa miaka sita?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa miaka sita anapenda mno hadithi za majoka wapole. Bibi yake anasema joka ni joka, atamharibu mtoto. Nimzuie?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimzuie. Bibi namwelewa, maana majoka tuliyosimuliwa sisi yalimeza watu. Hata Ulaya joka alikuwa wa kuuawa. Kisha mwaka 1898 Mwingereza Kenneth Grahame akaandika habari za joka anayependa mashairi na hataki kabisa kupigana. Joka huyo na Mtakatifu George, yule shujaa wa ngano za Ulaya anayesifika kwa kuua joka, wanapatana kufanya pigano la kuigiza tu.

Ninayempenda zaidi ni yule wa Mmarekani Ruth Stiles Gannett, kitabu cha 1948. Joka mchanga ameanguka kutoka mawinguni, akaumia bawa, na wanyama wa kisiwani wamemfunga kamba wamgeuze kivuko cha mtoni. Mtoto Elmer anakwenda kumwokoa. Upanga hana. Mkobani ana chingamu, pipi za kijiti, mswaki, riboni. Chui-milia wenye njaa anawapa chingamu, mamba anawapa pipi, naye anapita! Hapo mtoto anaona kwamba mnyonge anaweza kuwa mkubwa wa umbo, na akili huokoa. Mimi hilo nalithamini sana.

Msomee wewe mwenyewe, na bibi akae karibu asikie. Mwulize angebeba nini mkobani. Akianza kuota ndoto mbaya, hamishieni kusoma mchana.