Kuhusu duka la zamani la Makoroboi

Dada, umesema duka mlilorithi Makoroboi, jijini Mwanza, lina milango ya mbao ya kukunja na baraza ya mbele, nawe unataka kung'oa vyote uweke alumini na vioo ili wateja waone bidhaa.

Kwanza hakikisha jengo ni lenu kweli. Majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa mwaka 1971, na mengine hadi leo yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Kama hati ni yenu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La kwenu ni changa, kwa hiyo sheria hiyo hailigusi mpaka litangazwe rasmi. Kibali cha ujenzi cha halmashauri bado unakihitaji.

Ila mimi nisingeng'oa. Weka kioo ndani, nyuma ya ile milango. Asubuhi unaikunja, kioo kinaonekana. Jioni unaifunga, huhitaji geti. Na baraza! Masika yakikolea watu wote wanajibanza hapo, hao ni wateja wa bure.

Kitu kimoja nakusihi: fundi asikupigie plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Mimi nilikubali, nikasifiwa kwa ukuta laini. Msimu mmoja tu wa mvua, unyevu ukakwama ndani, rangi ikafura kama chapati, plasta ikadondoka na chokaa yake. Tafuta fundi anayejua kuloweka chokaa, hata kama ni mzee na anadai zaidi.