Fundi Anajibu: Maji Yaliyomo Hewani

Mvua zimeingia na maswali yamebadilika. Mwezi wa kumi watu waliniuliza joto, sasa wananiuliza maji. Nimechagua matano, na moja limetoka mbali kidogo na kwetu.

*Kiyoyozi changu kinadondosha maji ndani, moja kwa moja kwenye kitanda. Aliyekuja kukiangalia kasema gesi imepungua, anataka hela ya kujaza. Nimpe?*
Msomaji, Shangani

Subiri kwanza. Ndani ya kile kiyoyozi kuna koili baridi. Hewa yetu ikiigusa inaacha maji, yanateremka kwenye trei iliyo chini yake, halafu yanatoka nje kwa bomba dogo. Bomba likiziba, trei inafurika na kitanda chako kinalowa. Kinachoziba huwa ni utelezi wa kijivu, mzito kama uji uliolala. Mwambie fundi afungue kava, amimine kikombe cha maji kwenye trei, na wewe usimame nje uangalie mdomo wa bomba. Yasipotoka, ugonjwa umeonekana. Yakitoka vizuri, tazama kama bomba limepanda kilima kabla ya kufika nje, au kama kiyoyozi kimefungwa upande.

Gesi ikipungua kweli, koili inaganda barafu, na ile barafu ikiyeyuka inamwaga maji. Lakini filta iliyojaa vumbi nayo inagandisha koili vilevile. Kwa hiyo filta kwanza, bomba pili, geji ya gesi mwisho. Tena gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Kama imepungua, kuna mahali inavuja, na anayetaka kujaza akuonyeshe hapo mahali kabla hujafungua pochi.

*Mwanangu fundi, kijana wangu anaishi Calgary, Kanada. Amenunua nyumba, kisha akanitumia picha ya chombo kilichobandikwa ubavuni mwa bomba kubwa la bati linalotoka kwenye tanuru la kupashia nyumba joto. Anasema ni cha kuongeza unyevu. Hicho alichokikuta ni kibovu, anataka kufunga kipya mwenyewe. Mimi nashangaa: mtu anaongezaje unyevu nyumbani? Naomba umwelekeze.*
Mzee, Ligula

Shikamoo mzee wangu. Mshangao wako ni wa haki kabisa, maana huku kwetu tunapigana na unyevu usiku na mchana. Kule baridi inakausha. Hewa ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hata ikishiba, inabeba kama gramu moja tu ya maji kwa kila meta ya ujazo. Hapa Mtwara siku ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, meta hiyo hiyo ina gramu 24. Sasa ile hewa ya Calgary ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 21, unyevu wake unashuka hadi asilimia 6 hivi. Midomo inapasuka, pua zinatoka damu, sakafu ya mbao inaachana, na ukigusa kitasa cha mlango unapigwa na cheche. Ndiyo maana wakafunga hicho chombo.

Kazi yake si ngumu. Tanuru linasukuma hewa ya moto kwenye dakti, yaani hayo mabomba ya bati. Aina iliyozoeleka inachota sehemu ya hiyo hewa na kuipitisha kwenye pedi iliyolowa, kisha inairudisha kwenye dakti inayorejesha hewa kwenye tanuru. Maji yanatiririka kutoka juu ya pedi kidogo kidogo, na yasiyogeuka mvuke yanatoka chini kwa mpira hadi kwenye tundu la maji machafu. Vali ya umeme inafungua maji pale tu feni inapozunguka na swichi ya unyevu inapoomba.

Mwambie hivi. Kabla hajakata bati, azime umeme wa tanuru na ahakikishe anajua koili ya kupoozea nyumba iko wapi. Kwa kawaida inakaa ndani ya dakti inayotoka kwenye tanuru, na wapo waliotoboa msumeno ukapita kwenye koili, wakanunua mtambo mpya. Mahali pa amani ni dakti ya kurejesha hewa. Chombo kikae sawasawa kwa timazi, la sivyo maji yatapita upande mmoja wa pedi na mwingine ubaki mkavu. Kwenye bomba la maji afunge vali ya kawaida yenye njia tatu. Ile ya kubana na kutoboa bomba kwa sindano ni rahisi kufunga, lakini ina sifa ya kuvuja.

Umeme ndio unaoniogopesha zaidi. Vali nyingi za vyombo hivi zinatumia volti 24. Kwenye bodi nyingi za tanuru ile sehemu iliyoandikwa HUM inatoa volti 120. Akiunganisha moja kwa moja, vali inaungua siku hiyo hiyo. Asome mchoro uliobandikwa ndani ya mlango wa tanuru, na akiona 120 aweke transfoma. Gesi ya tanuru asiiguse, hiyo ni ya fundi mwenye leseni.

Kutunza ni kazi ya kila mwaka. Maji ya Calgary ni magumu, yamejaa chokaa, kwa hiyo ule ungaunga mweupe alioukuta kwenye pedi ya zamani si ajabu. Pedi abadilishe kila msimu wa baridi unapoanza, na ikigandamana mapema abadilishe tena katikati. Trei na mpira wa kutolea maji avioshe kwa siki. Kitundu kidogo kinachopitisha maji kuelekea juu ya pedi nacho kinazibwa na chokaa. Akisikia vali inalia tiki na pedi imekauka, aanzie hapo. Joto likirudi afunge maji, na lile bapa la kuzuia hewa kwenye bomba la kuunganisha dakti mbili aligeuze kwenye alama ya kiangazi. Akilisahau wazi, hewa baridi itazunguka njia ya mkato na koili ya kupoozea inaweza kuganda.

La mwisho kwake, na hili ndilo wengi hukosea: asiweke asilimia 50 akaacha hapo mwaka mzima. Nje ikiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, 35 inatosha. Ikifika 18 chini, ashushe hadi 25, na 29 chini, 15 tu. Akizidisha, maji yatadondoka kwenye vioo vya madirisha na ndani ya kuta, na fangasi anayemsumbua mama yake hapa Ligula atamfuata hadi Kanada.

*Mtoto wangu ana miezi minane, mafua hayamwishi. Nimeona mtandaoni kimashine cha kutoa mvuke chumbani, wanakisifia sana. Ninunue?*
Mama, Chikongola

Hapana, dada yangu. Wanaokisifia wengi wanaishi kwenye nyumba kama ile ya Calgary. Chumba chako kina maji ya kutosha tayari, na ukiongeza unawalisha fangasi na wale wadudu wasioonekana wa kwenye godoro, ambao hustawi hewa ikiwa na unyevu. Wote hao wanawasha pua za watoto. Hela hiyo nunua kipima unyevu kidogo cha betri. Kikisoma zaidi ya 60, fungua madirisha mchana jua likiwa kali, na anika godoro nje. Mwenye kiyoyozi abonyeze kwenye rimoti alama ya tone la maji, hiyo inakausha hewa bila kukugandisha. Mtoto mwenyewe mpeleke kliniki, na akianza kuhema haraka au mbavu zikiingia ndani, usisubiri asubuhi.

*Nyumba ya marehemu babu ni ya mawe na chokaa. Tuliipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta ipendeze. Sasa rangi inabanduka kutoka chini hadi kiunoni, na unga mweupe unatoka. Tuweke rangi gani?*
Msomaji, Mikindani

Rangi yoyote mtakayoweka itabanduka. Ukuta wa mawe ya matumbawe unavuta maji kutoka ardhini, na mawe yenyewe yana chumvi. Wazee walipopiga chokaa, maji yalipanda na kutoka zake nje. Saruji na rangi ya mafuta zimeyafungia ndani, sasa yanasukuma kwa nguvu, na ule unga ni chumvi. Bandueni saruji yote sehemu iliyoharibika, ukuta uachwe wazi wakati wa kusi ukauke, halafu mpige plasta ya chokaa na mchanga na kupaka chokaa juu. Angalieni pia kama udongo wa nje umepanda kuliko sakafu ya ndani. Nyumba nyingi za zamani zimezikwa taratibu na takataka za miaka, na hapo koleo linasaidia kuliko brashi.

*Kiyoyozi cha ofisi yetu karibu na bahari hakijamaliza miaka mitatu, sehemu ya nje imeliwa na kutu, mapezi ya koili yanapukutika ukiyagusa. Tumeuziwa feki?*
Msomaji, Lindi Mjini

Si lazima. Mapezi ni ya alumini, bomba ni la shaba, na vyuma viwili tofauti vikilowa maji ya chumvi kimoja kinakula kingine. Alumini ndiyo inayoliwa. Ukinunua kingine, uliza chenye koili iliyopakwa kinga ya chumvi, na kifungwe upande wa nyumba usiotazama upepo wa bahari. Kila mwezi zima umeme kwenye swichi kuu, mwagia koili maji baridi ya bomba kwa mpira wa bustani, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze hapo, inalaza mapezi na hewa haipiti tena.