Kabla hujauza kitu ununue dawa ya kuotesha mishipa ya fahamu

Kaka yangu alianza kwa kushindwa kufunga fundo. Alikuwa mvuvi wa dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mtu wa kushona wavu gizani kwa kupapasa tu, na asubuhi ile uzi ulimponyoka mara tatu. Tukasema ni uchovu wa kukesha ziwani. Miezi ikapita, nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikabonyea, na misuli ya bega ikawa inachezacheza chini ya ngozi hata akiwa amelala. Kuna waliosema kiharusi, kuna waliosema karogwa. Hospitali ndiyo iliyotupa jina: ugonjwa wa neva za mwendo, yaani seli zinazoamrisha misuli zinakufa kidogo kidogo.

Haikupita muda, mtu akatuletea chupa. Alisema ndani mna protini za ukuaji, zinazootesha mishipa ya fahamu upya. Tukauza mashine ya mtumbwi. Kaka alikunywa miezi minne, mkono ukazidi kunyauka.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba maneno ya yule muuzaji hayakuwa uongo mtupu. Protini hizo zipo. Rita Levi-Montalcini, mwanamke wa Italia, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alifanya utafiti chumbani kwake kwa mayai ya kuku. Aliona kwamba kifaranga akiondolewa chipukizi la mguu au bawa angali ndani ya yai, seli za neva zilizokuwa ziende huko huanza kukua vizuri, kisha hufa. Baadaye yeye na Stanley Cohen waliitambua protini ya kwanza ya aina hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ile ya kwanza haihusu sana neva za misuli, lakini zilifuata nyingine zinazozihusu, kama BDNF, CNTF na GDNF.

Zinalinda hivi. Seli ya neva ya mguu inakaa kwenye uti wa mgongo, na uzi wake unashuka karibu mita moja hadi kwenye msuli. Msuli unatoa protini, ncha ya uzi inaipokea, kisha ujumbe wake unabebwa kurudi juu hadi kwenye seli: endelea kuishi. Ujumbe usipofika, seli inaweza kuanza kujiua yenyewe. Sisi wa mwisho wa reli tunaelewa: mzigo usipopanda behewa Kigoma, Tabora hawauoni.

Sasa chupa. Protini ukiinywa, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Hata sindano hazikufaa. Miaka ya 1990 wagonjwa wengi walidungwa CNTF na BDNF chini ya ngozi, na maisha yao hayakurefuka. CNTF iliwaletea kikohozi na kuwakondesha. Sehemu kubwa ya dawa haifiki kwenye uti wa mgongo, na seli zenyewe zinaumwa kwa ndani, hata ubebaji wa ujumbe umevurugika. Watafiti bado wanatafuta njia ya kuzifikisha. Hiyo ni kazi yao. Wewe usiuze mtumbwi kwa ajili yake.

Fedha yako anza nayo kwenye vipimo. Kubanwa kwa uti wa mgongo shingoni na upungufu wa vitamini B12 vinaweza kufanana na ugonjwa huu, na vina tiba. Ikithibitika ndio wenyewe, muulize daktari kuhusu dawa iitwayo riluzoli. Haiponyi, huongeza miezi michache ya kuishi. Mgonjwa akianza kuamka na maumivu ya kichwa au kukosa pumzi akilala chali, mrudishe hospitali upesi, maana misuli ya kupumua imechoka.

Chakula ndicho ningekipa uzito kuliko vyote, kwa sababu kukonda kunawamaliza haraka. Maji matupu yalimpalia kaka kuliko uji mzito. Wifi yangu alikuwa anamkalisha wima, kidevu kimeinama kidogo, uji umetiwa mawese na parachichi iliyopondwa. Kijiko kimoja, anangoja koo lipande na kushuka, ndipo cha pili. Bakuli moja lilichukua karibu saa nzima, na baada ya hapo hakumlaza mara moja.

Na msingoje sauti ipotee ndipo mtafute namna ya kuzungumza. Akili ya kaka ilibaki nzima na macho yake yalisogea hadi mwisho. Kufumba mara moja ilikuwa ndiyo, mara mbili hapana, kutazama mlango ilikuwa "nitoeni nje nilione ziwa". Alama hizo alizichagua mwenyewe, angali anaongea.